Shajara ya mradi: barabara inayotitia karibu na Kaptembwo, Nakuru

Kipande kinachochunguzwa ni cha barabara ya mtaa yenye lami, upana wa mita 6, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru karibu na Kaptembwo. Vipimo vyote vya urefu vinaanzia kwenye makutano ya juu, kwa hiyo "mita 328" ni mita 328 kutoka hapo. Kati ya mita 320 na 334 njia ya kushoto imebonyea. Imezibwa viraka mara kadhaa, na kila kiraka kimeshuka pamoja na barabara. Chini ya njia hiyo hiyo limepita bomba la maji taka la zege, kipenyo cha milimita 225, kwenye kina cha mita 2.4. Upande wa kulia kuna bomba la maji safi la plastiki ngumu (uPVC) la milimita 110, kina cha mita 0.9, na nje yake mtaro wa mawe wa maji ya mvua.

Swali linaloongoza kazi yote ni hili: udongo uliokuwa chini ya lami umeenda wapi? Ama umekandamana palepale, ama umesafiri. Kama umesafiri, kuna njia ulikopita na kuna mahali ulikofikia, na vyote viwili vinaweza kupatikana. Kiraka kinachowekwa kabla ya swali hili kujibiwa ni pesa za umma zilizomwagwa shimoni.

Wiki ya 1: ramani ya nyufa, na levo

Kabla ya kutoboa chochote tulichora nyufa zote za mita 300 hadi 360 kwenye karatasi ya miraba. Nyufa zilizosukana kama ngozi ya mamba kwenye mapito ya magurudumu huonyesha lami iliyochoka kubeba magari juu ya msingi laini. Ufa mrefu unaofuata ukingo, mara nyingi ni maji yanayoingia kandoni. Ufa wa upinde ni habari nyingine: ardhi ya chini imeondoka, na lami inakunjika kuelekea kwenye pengo. Hapa zipo za aina zote tatu, lakini za upinde ziko kati ya mita 323 na 332 tu. Ni tatu, moja ndani ya nyingine. Ule wa ndani una upana wa milimita 6, na mdomo wake mmoja umeshuka kuliko wa pili.

Kwa levo, yaani kupima tofauti za kimo, tulipigilia misumari ya zege yenye wosha kila mita 2, kutoka mita 310 hadi 350, mistari mitatu: kushoto, katikati na kulia. Msumari usiwekwe kwenye pito la gurudumu. Lami ikipata jua la saa nane mchana huwa laini, gurudumu huukandamiza msumari, nawe utaandika kwamba barabara imeshuka kumbe ni msumari. Alama za kimo ziko mbili, zote nje ya eneo linaloshukiwa: moja kwenye msingi wa jengo la zamani la mawe, nyingine kwenye kichwa cha kalvati, umbali unaozidi mita 100. Mbili, kwa sababu moja ikisogea ya pili itatoa taarifa. Kanuni ya kawaida ya kufunga mzunguko wa levo inaruhusu kosa la milimita 12 mara kipeuo cha pili cha kilomita. Kwa mzunguko wetu wa mita 360 hiyo ni milimita 7, na huko ni kulegeza mno kwa kazi ya namna hii. Tunakataa mzunguko wowote unaozidi milimita 2 na kuurudia. Kusoma ni kabla ya saa mbili asubuhi, hewa ikiwa haijaanza kucheza juu ya lami.

Msumari ulio chini kabisa ni wa mita 328, mstari wa kushoto: milimita 38 chini ya mstari wa barabara kama ulivyopaswa kuwa. Beseni lote lina urefu wa mita 14, upana wa mita 3.2, na wastani wa kina wa milimita 16. Hizo ni takriban mita za ujazo 0.7 zilizokosekana.

Kipima mvua kimewekwa kwenye paa la duka lililo mkabala. Siku kavu hakuna msumari uliosogea zaidi ya milimita 1. Baada ya usiku mmoja wa mvua ya milimita 31, wa mita 328 ulishuka milimita 7, wa mita 326 ukashuka 5, na wa mita 340 haukusogea. Kushuka kunafuata maji.

Dhana zilizo mezani, na jinsi ya kuzitenganisha

Nakuru imekaa kati ya kasoko ya Menengai na ziwa, juu ya majivu ya volkano, pumisi (mawe mepesi ya volkano yenye vitundu) na matope ya ziwa la kale, na chini yake mipasuko ya Bonde la Ufa inaelekea kaskazini hadi kusini. Mvua kubwa zikinyesha, nyufa hufunguka kwenye mashamba na ploti za upande huu wa magharibi. Ndiyo maana barabara ikibonyea jibu la kwanza la mtaani ni kwamba bonde linapasuka. Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu hadi Narok ilipokatika karibu na Suswa, habari hiyo ilizunguka dunia. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua kubwa ilikuwa imekokota majivu laini yaliyojaza mpasuko wa zamani. Hata pale, basi, ilibidi kuuliza maji yalipita wapi.

Mpasuko wa ardhi haujali barabara. Huendelea kwa mstari ndani ya ploti za pande zote mbili, ukikata kuta na sakafu. Tulipita kuta zote za mita 60 kila upande, na hakuna ufa unaoendelea. Dhana hiyo imeshuka hadi chini ya orodha, ingawa haijafutwa.

Majivu yaliyokaa kwa ulegevu, yakiloweshwa, huporomoka ndani yenyewe: chembe zilizoshikana kwa unyevu mdogo huachana na kukaribiana. Dalili yake ni kushuka mara moja kisha kutulia, kwa sababu udongo ulioporomoka umeshabana. Mtaro wa bomba uliofukiwa bila kushindiliwa hushuka kwa umbo la mtaro, mrefu na mwembamba, kutoka manholi hadi manholi. Udongo unaokokotwa na maji kuingia mahali fulani hushuka kwa umbo la beseni, na hautulii. Kila mvua huongeza. Vipimo vyetu vinafanana zaidi na hili la mwisho, ila beseni ni pana kuliko ambavyo shimo moja lingeeleza, kwa hiyo huenda kuna mambo mawili kwa pamoja.

Wiki ya 2: DCP

DCP, kifaa cha kupima ugumu wa udongo, ni fimbo yenye koni ya nyuzi 60, kipenyo cha milimita 20, inayopigwa na nyundo ya kilo 8 inayodondoka milimita 575. Unaandika koni imezama milimita ngapi kwa kila pigo. Haiwezi kupenya kokoto zilizosagwa bila kudanganya, kwa hiyo lami na msingi tulivitoboa kwanza kwa kekee ya milimita 100. Kabla ya kila tobo tulifungua kwa mkono, kwa beleshi, hadi kuhakikisha hakuna kebo wala bomba. Ramani za huduma hukosea kwa nusu mita na zaidi, na fimbo ya chuma haiulizi.

Kwa kugeuza kina kwa pigo kuwa CBR, kipimo cha asilimia cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, tunatumia mlinganyo wa TRL, maabara ya utafiti wa usafiri ya Uingereza: logi ya CBR ni 2.48 toa 1.057 mara logi ya milimita kwa pigo. Mita 280, ambapo barabara ni nzima, tabaka la asili lilitoa milimita 22 kwa pigo, yaani CBR ya 11 hivi. Hilo ni daraja S4 katika mwongozo wa usanifu wa barabara wa Kenya wa 1987, ambao unaligawa tabaka la asili kutoka S1, dhaifu kabisa, hadi S6.

Mita 327, kushoto, mambo yalikuwa hivi. Tabaka la chini la msingi, murram iliyochanganywa saruji, lilitoa milimita 9 kwa pigo, CBR ya karibu 30, sawasawa kabisa na mita 280. Kuanzia milimita 460 chini, tabaka la asili lilitoa milimita 34 kwa pigo, CBR ya 7. Kwenye milimita 780 fimbo ilishuka milimita 210 kwa uzito wake, bila pigo hata moja. Nyundo ilikuwa bado mkononi mwa fundi. Hilo ni pengo.

Kwenye tobo zenye fimbo ya kuongezea urefu, pumisi hubana ubavu wa fimbo na kufanya udongo uonekane mgumu kuliko ulivyo. Kwa hiyo namba za chini ya mita 1 tunazitumia kutafuta ulaini tu, hatuzitumii kusanifu.

Mita 327 imefungwa siku hiyo hiyo. Bamba la chuma la milimita 20 limewekwa juu ya mita 325 hadi 330, malori yamezuiwa, matatu na bodaboda zinapita njia ya kulia kwa zamu.

Rada ya ardhini ilipita juu ya kipande chote kwa antena ya megahezi 400. Majivu makavu huiruhusu kuona vizuri. Kati ya mita 322 na 333 picha inafifia chini ya mita 0.7. Kufifia ni maji, kwani udongo uliolowa huimeza ishara. Mpaka wa eneo lililolowa tumeupata, chumba cha pengo chenyewe hatukukiona.

Wiki ya 3: shimo la uchunguzi

Shimo la mita 1.2 kwa 1.2 lilichimbwa kwenye mita 327. Chini ya mita 1.2 hakuna anayeingia bila mbao na jeki za kushikilia kuta. Pumisi husimama wima kwa saa nzima na kukupa moyo, halafu humwagika yote kwa mara moja.

Lami ilikuwa milimita 48, na ufa umepita kutoka juu hadi chini. Nyuso za ufa zimepakwa tope laini la kijivu. Tope hilo limepandishwa kutoka chini kila gurudumu lilipokanyaga, na maana yake ni kwamba maji yalikuwa yamesimama ndani ya msingi. Msingi wa kokoto, milimita 150, umepoteza vumbi lake karibu na ufa na kubaki mawe matupu. Murram yenye saruji ilikuwa nzima, ngumu, haina ufa. Chini yake tukakuta majivu laini na machafu kwa milimita 300 hivi, yakining'inia kwenye murram, na chini ya majivu hayo hewa.

Murram hiyo ndiyo iliyoshikilia barabara yote. Ilikuwa imegeuka bamba linalovuka pengo, na ndiyo sababu magari yalipita juu ya ombwe bila kuzama, huku uso ukibonyea kidogo kidogo. Watu hufurahia tabaka gumu, nasi tunalitaka. Lakini juu ya ardhi inayokokotwa, tabaka gumu huficha pengo hadi lifikie upana ambao halibebeki tena, na kisha huanguka bila taarifa. Anayepima barabara ya namna hii kwa macho pekee atasema iko salama.

Pengo, kwa kulipima kwa fimbo na tochi: urefu mita 1.1, upana mita 0.6, kimo milimita 210. Ni mita za ujazo 0.14. Sakafu yake inainama kuelekea ulipo mtaro wa bomba la maji taka, na kwenye sakafu kuna mfereji mwembamba wenye chembe safi za pumisi zilizooshwa. Ukuta wa mtaro wa zamani unaonekana wazi: upande mmoja majivu ya asili yenye matabaka yake, upande wa pili kifusi cheusi chenye vipande vya matofali na nailoni.

Uzito wa kifusi hicho tuliupima kwa kuchimba kishimo na kupata ujazo wake kwa maji juu ya karatasi ya plastiki, si kwa mchanga. Kwenye pumisi yenye chembe kubwa mchanga wa kipimo hupenya kwenye nafasi za ukuta wa shimo, ujazo unasomeka mkubwa kuliko ulivyo, na udongo unaonekana mwepesi kuliko ukweli. Matokeo: kilo 944 kwa mita ya ujazo, kavu. Uzito mkavu wa juu kabisa wa maabara ni kilo 1,210 kwenye unyevu wa asilimia 27. Hiyo ni asilimia 78, ambapo inatakiwa 95. Kwa watakaorudia kipimo hicho cha maabara: kila nukta, yaani kila kiwango cha unyevu kinachojaribiwa, itumie sampuli mpya. Pumisi husagika chini ya nyundo, na ukirudia udongo ule ule kila nukta inapanda, unapata kilele ambacho mkandarasi hataweza kukifikia barabarani. Sampuli zikaushwe kwa hewa kabla ya kipimo, maana joto la tanuri hubadilisha tabia ya udongo wa volkano.

Wiki ya 4: maji ni ya nani?

Chini ya shimo maji yalijikusanya. Wanaoweza kuwa chanzo ni watatu: mvua, bomba safi, maji taka. Kila upande una sababu ya kutaka iwe ni mwingine, kwa hiyo jibu lazima litoke kwenye kipimo.

Klorini iliyobaki ikikutwa, ni bomba safi. Isipokutwa haithibitishi chochote, kwani udongo huimaliza upesi. Floridi hukaa. Maji ya visima vya Nakuru yana floridi nyingi, ya mvua karibu hayana kabisa. Bomba la duka la jirani lilisoma miligramu 3.1 kwa lita, mtaro wa mvua 0.3, na maji ya shimo 2.6. Lakini majivu ya volkano yenyewe hutoa floridi, na hapa ndipo mtu anaweza kumsingizia jirani. Tulichukua majivu makavu ya mita 280, tukayatikisa na maji yaliyotoneshwa, yakatoa 0.5. Kwa hiyo maji ya shimo yamepitia bomba, iwe ni kabla ya kutumiwa na watu au baada. Amonia ikatenganisha mawili hayo: shimo miligramu 14 kwa lita, bomba la duka sifuri. Ni maji taka.

Manholi M3 iko mita 315, M4 iko mita 357, na mtiririko unatoka M3 kwenda M4. Kabla ya kufungua tulipima gesi. Usitegemee pua: haidrojeni salfaidi ikizidi kiwango fulani huua uwezo wa kunusa, na anayesema "harufu imeisha" yuko hatarini zaidi. Manholi mbili zifunguliwe kwa nusu saa, kipima gesi kishushwe kwa kamba, anayeingia avae mkanda uliofungwa kwenye miguu mitatu ya chuma, na aliye juu asiondoke hata kwa simu.

M3 maji yalikuwa ya kijivu, hayana kitu juu yake. M4 juu ya maji kulikuwa na utando wa chembe nyeupe, za ukubwa wa punje ya mchele, zinazunguka pembeni. Ukizisaga kwa vidole zinakwaruza. Pumisi huelea. Haikuwapo juu ya mtiririko, ipo chini yake, na kati ya manholi hizo mbili ndipo barabara inapobonyea. Mtu yeyote anayesimamia barabara za Nakuru anaweza kufanya ukaguzi huu kwa tochi, bila maabara na bila kamera.

Kwenye ukuta wa M3 kuna mstari wa grisi milimita 900 juu ya bomba. Tuliacha kijiti kilichopakwa chaki kikisimama wima ndani. Baada ya mvua iliyofuata chaki ilikuwa imeoshwa hadi milimita 840. Bomba hujaa wakati wa mvua, na maji hupanda juu ya kila kiungo. Tulimuuliza mwenye duka: "Mama, mvua ikinyesha, choo hurudisha maji?" Akajibu kwamba wapangaji wa nyuma hupanga mawe mlangoni kila masika. Bomba la maji taka halina sababu ya kujaa kwa mvua, isipokuwa mvua imeunganishwa nalo. Kipimo cha moshi unaosukumwa ndani ya bomba kilionyesha moshi ukitoka kwenye mifereji ya paa za ploti 4.

Kamera iliingia kutoka M3. Usafishaji wa kabla ulikuwa wa shinikizo dogo kwa makusudi, kwa sababu maji yenye nguvu kwenye kiungo kilichofunguka hulipanua pengo ulilokuja kulichunguza. Mita 11.6 kutoka M3, yaani karibu kabisa na mita 327: kiungo kimeachana milimita 35, bomba moja limekaa chini kuliko jirani yake. Viungo vyote ni vya saruji, na saruji haina subira ardhi ikisogea. Mita 14.2: tundu limevunjwa kwa nyundo juu ya bomba ili kuunganisha choo cha ploti, likazibwa kwa mawe na saruji kidogo. Kati ya mawe hayo udongo unaonekana ukining'inia.

Utaratibu sasa unaeleweka. Mvua inanyesha, bomba linajaa, maji taka yanasukumwa nje kupitia kiungo na kulowesha kifusi kilicholegea. Mvua inakatika, kiwango ndani kinashuka, maji yale yanarudi ndani na kuvuta udongo. Kila mvua ni duru moja. Ndiyo sababu siku kavu misumari haisogei.

Matope yaliyotolewa M4 na kwenye bomba yalikuwa toroli 6, kila moja lita 65, takriban mita za ujazo 0.39. Yaliyokosekana barabarani ni 0.7 ya beseni na 0.14 ya pengo, jumla 0.84. Hesabu haikufunga, hadi maabara iliporudisha jibu lake.

Maabara

Donge lisilovurugwa kutoka mita 280 lilikandamizwa kwenye edometa, kifaa cha kupima kushuka kwa udongo chini ya mzigo, kisha likaloweshwa. Kwa mzigo wa kilopaskali 200, kiwango cha kawaida cha kipimo hiki, liliporomoka asilimia 4.8, ambayo huhesabiwa kuwa ya wastani. Namba hiyo isinukuliwe peke yake: kwenye kina cha mita 1 chini ya barabara hii mzigo haufiki hapo. Kwa mzigo wa kilopaskali 50 kushuka kulikuwa asilimia 1.3. Kwa unene wa mita 1.5 uliolowa, hiyo ni milimita 20 hivi kati ya zile 38.

Karibu nusu ya beseni, basi, ni udongo uliokandamana palepale baada ya kulowa, nusu ya pili umesafiri. Udongo uliosafiri unakuwa 0.35 jumlisha 0.14, karibu mita za ujazo 0.5. Tumeupata 0.39 ndani ya bomba. Uliosalia umepita M4 kwenda chini.

Wiki ya 5 na kuendelea: ukarabati

Njia tatu zilipendekezwa. Kiraka kingine, hapana. Kujaza pengo kwa mawe makubwa na murram juu, njia inayopendwa kwa kuwa ni ya siku moja, hapana vilevile: mawe yana nafasi kati yake, maji yanapita, majivu ya pembeni yanaingia kwenye nafasi hizo, na beseni linarudi mita chache pembeni. Kusukuma saruji ya majimaji kwenye pengo kungefaa baada ya bomba kutengenezwa. Kabla ya hapo saruji ingeingia kwenye kiungo kilichofunguka na kuziba maji taka ya mtaa mzima.

Tumebadilisha bomba lote la mita 42 kati ya M3 na M4, badala ya vipande viwili vilivyovunjika. Bomba jipya ni uPVC la milimita 250 lenye viungo vya mpira, na kwa kubadilisha lote mabadiliko ya kipenyo yanatokea ndani ya manholi na si katikati ya ardhi. Pampu ya inchi 3 ilihamisha maji taka kutoka M3 hadi M4, bomba la juu likizibwa kwa magunia ya mchanga. Choo cha ile ploti kimepata kiungo chake cha Y. Mwinamo ni 1 kwa 90.

Chini ya bomba na kulizunguka, hadi milimita 300 juu yake, ni vumbi la kwari. Kokoto za ukubwa mmoja hatukuziruhusu, kwa sababu zile zile za mawe makubwa. Kila mita 10 kuna kizuizi cha zege cha milimita 300 kinachokata mtaro, ili mtaro wenyewe usigeuke kuwa mfereji wa chini kwa chini.

Juu yake yamerudi majivu yaleyale ya hapo, yaliyochekechwa na kuchanganywa saruji asilimia 5 kwa uzito. Upana wa mita 0.8, kimo cha mita 1.3, urefu wa mita 42: mita za ujazo 43.7 zilizoshindiliwa, tani 50 hivi kavu, saruji tani 2.5, mifuko 50 ya kilo 50. Matabaka ni ya milimita 150, rama (mashine ya kushindilia) inapita mara 4 hadi 6, na kila tabaka la pili hupimwa.

Tabaka la nne kati ya mita 330 na 340 lilitoa asilimia 91. Unyevu ulikuwa 19, badala ya 27. Jua la mchana na upepo wa ziwa viliukausha mchanganyiko ukisubiri kwenye ukingo. Pendekezo la kunyunyiza maji na kushindilia tena lilikataliwa, kwa kuwa saruji ilikuwa imepita saa 2 tangu ichanganywe. Kuivunja baada ya hapo ni kuvunja mshikamano ulioanza, na namba nzuri utakayopata itakuwa ya uzito tu, nguvu haipo. Tabaka limetolewa na kuwekwa jipya. Tangu hapo kinachanganywa kinachoweza kushindiliwa ndani ya saa moja, na lundo linafunikwa turubai.

Pengo la nje ya mtaro halikujazwa kutoka juu. Bamba la murram limekatwa, majivu machafu yametolewa hadi kufika kwenye ya asili yaliyo imara, na kingo zimekatwa ngazi za milimita 300 ili kifusi kipya kishikane na ardhi ya zamani.

Murram yenye saruji milimita 200 na kokoto milimita 150 vimerudi. Magari yaliachwa yapite juu ya kokoto wiki mbili kabla ya lami, ili chochote kinachotaka kushuka kishuke kabla ya gharama kubwa. Lami ya zamani imekatwa milimita 300 zaidi kila upande wa mtaro, kiungo cha lami kisikae juu ya kiungo cha udongo. Lami ya moto milimita 50 ilifika ikiwa nyuzi 140, na rola ilimaliza kabla haijashuka chini ya 100.

Mifereji ya paa ya ploti 3 imehamishiwa kwenye mtaro wa mvua. Ya nne bado. Mwenye ploti amekubali, fundi hajafika.

Hali ilivyo

Misumari mipya iko palepale ilipokuwa ya zamani, na alama za kimo ni zile zile. Baada ya mvua ya milimita 26, wa mita 328 umeshuka milimita 1, ndani ya kosa la kipimo. Chaki ya M3 imeoshwa hadi milimita 310, kutoka 840. Maji ya M4 hayana chembe nyeupe.

Kamera ilipelekwa pia kati ya M4 na M5, manholi inayofuata. Viungo viwili, mita 8.3 na 19.7 kutoka M4, vimeachana milimita 10 na 12, na udongo hauonekani bado. Uso wa barabara juu yake hauna ufa wa upinde. Misumari imepigiliwa mita 360 hadi 380 kabla ya masika. Masharti ya kuchukua hatua hapo yameandikwa: msumari wowote ukishuka zaidi ya milimita 3 baada ya mvua moja, au chembe za pumisi zikionekana M5 huku M4 ikiwa safi, njia ya kushoto inafungwa kwa malori siku hiyo hiyo na DCP inarudi.